Ukuta wa moyo unacheza, lakini je, unakaza? Utatuzi wa matatizo ya kupima msuli wa moyo ulionyimwa damu

Mgonjwa kalala ubavu wa kushoto, mkono wake uko chini ya kichwa, jeli imeshapakwa. Daktari wa zamu kasimama nyuma yako na swali lake la kila siku: "Dada, ukuta wa mbele unacheza?"

Nimeshika probu ya eko, kipimo cha kupiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, hapa Moshi kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo ndilo linalotupoteza. Kucheza si kukaza. Msuli ulionyimwa damu unaweza kucheza vizuri tu kwenye skrini huku wenyewe haufanyi kazi yoyote. Na msuli mzima unaweza kuonekana mgonjwa kwa sababu tu probu imekaa pasipo pake. Mgonjwa wetu anaondoka na karatasi tuliyoandika, mara nyingi kwa rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Tukikosea neno moja kwenye karatasi ile, kosa linasafiri naye hadi Dar es Salaam.

Nimepanga maelezo kwa dalili: unachokiona, kinachoweza kuwa chanzo, na cha kufanya. Lakini kabla ya yote, mwenye maumivu ya kifua yanayoendelea asomewe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 tangu afike. Kama ECG inaonyesha mshipa umeziba, matibabu yaanze. Asicheleweshwe kwa kungoja eko.

Kinachotokea ndani ya msuli

Mwaka 1935 watafiti Tennant na Wiggers walifunga mshipa unaolisha moyo wa mbwa na kurekodi mwendo wa sehemu iliyonyimwa damu. Ndani ya dakika moja sehemu ile iliacha kufupika, ikaanza kutuna kwenda nje wakati jirani zake wanakaza. Tangu hapo mpangilio wa matukio umejulikana vizuri. Damu ikipungua, kwanza msuli unashindwa kulegea sawasawa, halafu unashindwa kukaza, ndipo ECG inabadilika, na maumivu ya kifua huja mwisho, kama yanakuja. Ndiyo maana eko ina thamani kubwa: inaweza kuona tatizo kabla mgonjwa hajashika kifua.

Maabara za utafiti zilipata kipimo safi kuliko chetu. Kristali mbili ndogo hupandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, moja inatuma sauti na nyingine inaipokea. Sauti hupita kwenye msuli kwa kasi ya karibu mita 1,580 kwa sekunde, hivyo milimita 10 huchukua takriban mikrosekunde sita, yaani sehemu sita kati ya milioni moja za sekunde moja. Ukijua muda, unajua urefu. Tuseme kipande cha msuli kina milimita 10.0 mwisho wa diastoli (moyo unapolegea na kujaa damu) na 8.0 mwisho wa sistoli (moyo unapokaza): kimefupika asilimia 20. Funga mshipa, na kipande hicho hicho kinaweza kuanza na 10.6 na kuishia 10.9. Hapo hakijafupika, kimerefuka karibu asilimia 3, na alama ya jibu inageuka. Sisi hatupandikizi kristali kwa binadamu, lakini swali ni lile lile: kipande hiki kimefupika au kimenenepa kiasi gani, na lini?

Dalili: ukuta unasogea ndani, lakini una shaka nao

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Vijijini juu mlimani, mahali gari halifiki, mgonjwa bado hushushwa barabarani kwa machela. Watu wanne wanabeba. Mmoja akichoka, mabega ya wenzake yanaendelea kumvuta, na mtazamaji wa mbali anaona watu wanne wanaotembea sawa. Msuli wa moyo ni hivyo hivyo. Kipande kilichokufa kimeshonwa na jirani zake wazima, nao wanakivuta kwenda ndani. Ukitazama mwendo peke yake, utaandika "kawaida".

Cha kufanya: acha kufuata mstari wa nje wa ukuta, tazama unene. Ukuta wenye afya huongezeka unene kwa zaidi ya asilimia 30 wakati wa sistoli. Chini ya hapo umedhoofika, na ukiongezeka chini ya asilimia 10 unahesabiwa kuwa haukazi. Kinyume chake pia ni kweli: kipande kizima kilicho kando ya kilichokufa kinaweza kuonekana kivivu kwa sababu kinabeba mzigo wa jirani. Ndiyo maana eneo tunaloliona limeharibika kwa macho huwa kubwa kuliko eneo lililokosa damu kweli.

Ila unene nao una mtego wake. Ukuta wenye milimita 9 unaofika 12 umeongezeka asilimia 33. Sasa weka alama ya kwanza milimita moja nje ya mahali pake, yaani 10 badala ya 9, na ile ya pili iwe 12 kama awali: umepata asilimia 20. Milimita moja imemgeuza mtu mzima kuwa mgonjwa. Kwenye septamu, ukuta unaotenganisha upande wa kulia na wa kushoto, kosa hili hutokea pale unapopima nyuzi za ventrikali (chemba inayosukuma damu) ya kulia pamoja na ukuta wenyewe. Ninachofanya ni kusimamisha picha, kurudi nyuma picha mbili na mbele picha mbili, kisha kupima mapigo matatu. Kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, na tunao wengi kwa sababu ya vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, napima matano au zaidi.

Ukikuta ukuta mwembamba, chini ya milimita 6 kwenye diastoli, tena unang'aa kuliko jirani, hiyo kwa kawaida ni kovu la zamani. Usiliite tatizo la leo.

Dalili: ncha ya moyo ni duara na inakaza kupita kiasi

Chanzo karibu kila mara ni probu iliyokaa juu mno, inayokata moyo kwa mshazari badala ya kupita kwenye ncha yenyewe. Unachokiita ncha ni ukuta wa pembeni ulioukata njiani.

Hili limenikuta mwenyewe. Mzee mmoja alikuja akichechemea na fimbo, tukasalimiana, "Shikamoo baba," "Marahaba mwanangu," akalala. Mbavu zake zilikuwa zimebanana, picha ikawa ya shida, nikaridhika na ile iliyoonekana safi. Nikaandika ncha inakaza vizuri. Dada mkubwa wa kazini alipita nyuma yangu, akatazama skrini kama sekunde tano, akasema, "Mdogo wangu, shuka ubavu mmoja." Nikashuka, nikainamisha mkono. Ventrikali ikarefuka mbele ya macho yangu, na chini yake ikatokea ncha ya kweli: nyembamba, imetuna nje, haina mwendo hata kidogo. Ndani yake damu ilikuwa inazunguka polepole kama uji unaoanza kuiva, na kwenye kona kulikuwa na bonge la damu lenye ukubwa wa punje ya harage. Bonge lile lingeweza kwenda kwenye ubongo wakati wowote. Nilifuta nilichoandika na mikono yangu ikitetemeka.

Tangu siku ile nina ukaguzi mmoja ambao siuachi. Napima urefu wa ventrikali ya kushoto kwenye picha ya chemba nne na ya chemba mbili. Vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, picha moja imekatwa vibaya, narudia. Picha nzuri kwa jicho na picha ya kweli si kitu kimoja.

Na hapo hapo kwenye ncha, jambo la kwetu Afrika Mashariki. Ncha iliyojaa kitu inaweza kuwa na bonge la damu, au ugonjwa wa makovu ya utando wa ndani wa moyo, ambao ulielezwa Uganda miaka ya 1940. Tofauti iko kwenye msuli ulio chini yake. Bonge la damu hukaa juu ya ukuta usiokaza. Kwenye ule ugonjwa wa makovu, ncha imezibwa lakini msuli wenyewe bado unakaza.

Dalili: septamu inakwenda kinyume

Usikimbilie kuandika kwamba mshipa wa mbele umeziba. Soma ECG kwanza. Kama njia ya umeme ya upande wa kushoto imekatika, septamu huruka ndani mapema sana, kabla vali ya aota, mlango wa damu kutoka ventrikali ya kushoto, haijafunguka, kisha inarudi nyuma wakati kuta nyingine zinakaza. Mwenye betri ya moyo inayochochea ventrikali ya kulia anaonyesha karibu sura hiyo hiyo. Aliyefanyiwa upasuaji wa moyo naye septamu yake hukosea mwelekeo, ila unene unaongezeka. Katika hali hizi zote unene ndio shahidi wako, ingawa kwa mwenye kasoro ya umeme hata unene unaweza kupungua kidogo, na hapo inabidi useme wazi kwamba septamu haiwezi kuhukumiwa kwa eko ya kawaida.

Kama septamu inarukaruka kwa kufuata pumzi, fikiria gamba la moyo lililokakamaa; kwetu, kifua kikuu ndicho cha kuulizia kwanza. Kama septamu imelala bapa na ventrikali ya kushoto ina umbo la herufi D, tatizo ni ventrikali ya kulia. D inayoonekana kwenye diastoli tu ni mzigo wa wingi wa damu. Inayobaki hadi kwenye sistoli ni mzigo wa shinikizo. Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro tuna kundi la ziada: mpandaji au mpagazi aliyeshushwa kutoka juu akiwa hapumui vizuri. Kukosa oksijeni hubana mishipa ya mapafu, shinikizo la upande wa kulia linapanda, septamu inalala. Ukiandika "iskemia ya septamu", yaani septamu imekosa damu, kwa kijana wa miaka 24 aliyeshuka jana kutoka Kibo, umempoteza.

Dalili: ukuta wa chini, karibu na vali, umebonyea kisha unatuna

Mara nyingi hakuna ugonjwa hapo. Tumbo lililojaa maji, ujauzito mkubwa, au tumbo lililoshiba linasukuma kiwambo juu na kuubonyeza ukuta wa chini wakati wa diastoli. Sistoli ikija, moyo unarudia umbo lake la duara na ukuta unaonekana kama unakwenda nje. Tazama picha ya mkato wa mviringo. Kama unene unaongezeka, iache hiyo.

Pia kipande cha chini kilicho karibu kabisa na vali ya mitrali hukaza kidogo kuliko vingine hata kwa mtu mwenye afya. Kikiwa peke yake, jirani zake wote wazima, mimi sikiiti ugonjwa.

Dalili: namba za streini hazieleweki

Streini ni kompyuta kufuata madoadoa ya msuli na kukupa asilimia ya kufupika. Kwa ventrikali yote ya mtu mwenye afya ni kama −20. Ikikupa namba ya ajabu, usianze na moyo. Anza na haya.

Shinikizo la damu. Mgonjwa mwenye 180 kwa 110 atakuwa na streini ndogo kwa sababu moyo unasukuma dhidi ya ukuta wa jiwe. Lipime akiwa amelala pale pale, liandike kwenye ripoti. Nimeona ripoti nyingi nzuri zisizo na namba hii, na bila yake huwezi kulinganisha kipimo cha leo na cha mwezi ujao.

Idadi ya picha kwa sekunde. Picha 30 kwa sekunde maana yake ni moja kila milisekunde 33. Sistoli ya milisekunde 300 inapata picha tisa. Moyo ukikimbia hadi mapigo 140 kwa dakika, mzunguko wote ni milisekunde 430, na sistoli inabakiwa na picha kama sita; madoa yanaruka, kompyuta inayapoteza. Punguza upana na kina cha picha upate 50 hadi 80.

Elektrodi zilizokauka. Zinatoa mstari wa ECG wenye mitikisiko, mashine inachagua mwanzo wa pigo pasipo pake, na kila kitu kinachofuata kinaharibika. Futa ngozi, badilisha, subiri mstari utulie.

Alama ya kufunga vali ya aota. Hii ni nyeti kwa kazi yetu hasa. Msuli uliokosa damu huchelewa: unaendelea kufupika baada ya vali kufunga, wakati damu haitoki tena. Ni ishara nzuri ya iskemia. Lakini alama ya vali ikiwekwa mapema, kufupika halali kutaonekana kumechelewa, na utamtia ugonjwa mtu mzima. Iweke kwa macho yako kwenye picha ya mhimili mrefu. Na hata alama ikiwa sahihi, kuchelewa kidogo huonekana pia kwa watu wenye afya. Kunahesabika pale kunapokuwa kukubwa na kufupika kwa ndani ya sistoli kumepungua.

Mashine mbili tofauti. Watengenezaji wanakokotoa kwa njia zao. Mgonjwa aliyepimwa Arusha kwa mashine moja na Moshi kwa nyingine, akashuka kutoka −19 hadi −17, huenda hajabadilika chochote. Na hizo alama za kutoa zinachanganya watu: andika "imepungua" kwa maneno, usimwachie msomaji abishane kama −12 ni kubwa au ndogo kuliko −20.

Dalili: kifua kinauma, eko ni safi

Inawezekana iskemia ilikwisha kabla hujaweka probu. Inawezekana imeshika tabaka la ndani tu. Ukuta ukiathirika chini ya takriban asilimia 20 ya unene wake, jicho huenda lisione kitu. Inawezekana ukuta wa pembeni umefichwa na pafu na wewe umeandika "kawaida" wakati hujauona. Kipande ambacho hakikuonekana kiandikwe hakikuonekana. Viwili vinavyopakana vikikosekana, tumia dawa ya kung'arisha damu kama hospitali yako inayo. Na inawezekana mishipa yote mitatu imebana kwa pamoja, hakuna ukuta mzima wa kulinganisha nao, kila kitu kimeshuka sawasawa.

Eko safi haimfukuzi mgonjwa nyumbani. Kipimo cha damu cha troponini kirudiwe, ECG irudiwe.

Dalili: mshipa umeshafunguliwa, ukuta bado haukazi

Msuli unaweza kuduwaa. Damu imerudi lakini kazi inachelewa kwa saa, siku, hata wiki. Watafiti Braunwald na Kloner waliipa hali hii jina mwaka 1982. Hali nyingine ni msuli uliojilaza kwa sababu damu ni haba kwa muda mrefu, hai lakini umejipunguzia kazi. Na hali ya tatu ni kovu.

Kuzitenganisha hufanywa kwa dobutamini, dawa inayochochea moyo, mbele ya daktari na vifaa vya kuokoa maisha vikiwa tayari. Dozi ndogo ya mikrogramu 5 hadi 10 kwa kilo kwa dakika ikiamsha ukuta, msuli uko hai. Ukiamka kwenye dozi ndogo kisha ukashindwa tena dozi inapopandishwa, mshipa wake bado umebana, na huyo ndiye atakayefaidika zaidi kwa kufunguliwa. Kovu halijibu chochote. Rekodi kila hatua ukiwa na mkato ule ule. Mkono ukiteleza kati ya dozi, unalinganisha kuta mbili tofauti.

Dalili: eneo lililoharibika halifuati ramani ya mshipa

Mshipa wa mbele hulisha ukuta wa mbele, sehemu ya mbele ya septamu na ncha. Wa kulia hulisha ukuta wa chini, na wa mzunguko ule wa pembeni, pamoja na tofauti za mtu na mtu. Kama ncha yote imetuna pande zote na sehemu za juu zinakaza kwa nguvu, hasa kwa mama aliyefiwa karibuni, fikiria moyo ulioumizwa na mshtuko wa huzuni, ingawa mishipa bado ichunguzwe. Kama kuta zote zimelegea kwa mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita, huo ni ugonjwa wa moyo wa uzazi, jambo lingine kabisa na haraka yake ni nyingine.

Ripoti yangu ya mzee wa fimbo, baada ya kuirekebisha, ilisomeka hivi: "Ncha na vipande vya ncha vya kuta za mbele, chini, pembeni na septamu havikazi, unene milimita 5, vimetuna. Bonge la damu kwenye ncha. Vipande vya kati na vya juu vinakaza kawaida. Kipande cha juu cha ukuta wa pembeni hakikuonekana. Shinikizo wakati wa kipimo 138 kwa 84. Mapigo 76, yana mpangilio." Nikapiga simu wodini kabla sijamfuta jeli.